Wataalamu wa vijidudu wana deni kwetu wa mpakani

Tumezoea kulalamikia ushuru, mizani na foleni za malori. Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona ni la wasomi: chama cha kitaifa cha wataalamu wa vijidudu kuungana na jarida la kisayansi. Mwenzangu mwenye magunia ya mahindi ataniuliza, mimi na jarida wapi na wapi? Ndugu yangu, linakuhusu sana.

Tukumbuke Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikisema yana sumukuvu kupita kiasi. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti, lakini malori yalikuwa yamekwama na hasara imeshaingia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya mahindi ya Uganda kukwama Sudan Kusini kwa sababu hiyohiyo.

Tusidanganyane, sumu ipo. Hutengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga, nayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wataalamu walipima mahindi ya madukani na sokoni katika wilaya zilizoathirika, wakakuta zaidi ya nusu ya sampuli zimevuka kiwango cha Kenya cha wakati ule. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida mwaka 2005.

Basi ugomvi ni wa nini? Kiwango cha Afrika Mashariki ni kimoja: sumukuvu isizidi sehemu 10 katika bilioni. Tunachogombania ni kipimo. Sumu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi na nyingine zikawa safi. Ukichota konzi moja juu, na mwenzako akachota kutoka magunia kumi na kuchanganya, mtapata majibu mawili kwa mzigo uleule. Hapo kila nchi hushikilia jibu lake, na anayeumia ni mwenye mali.

Ndipo jarida linapoingia. Maabara ikichapisha namna ilivyochukua sampuli na ilivyopima, wataalamu wengine huikagua kazi hiyo kwanza, na wa nchi jirani anaweza kuirudia. Imani hujengwa hivyo, haijengwi kwa matamko ya mawaziri. Waingereza walilijua hili mapema. Chama chao cha elimu ya vijidudu kilianzishwa mwaka 1945, rais wake wa kwanza akiwa Alexander Fleming, aliyegundua penisilini. Mwaka 1947 tayari kilikuwa na jarida. Bara letu nalo halikulala: Chama cha Afrika cha Tiba ya Maabara, kilichozinduliwa Addis Ababa mwaka 2011, kina jarida ambalo yeyote hulisoma bila malipo.

Kwa hiyo naunga mkono vyama vyetu kuungana na majarida, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, makala zisomwe bure. Utafiti uliofanywa kwa mahindi yetu usifungiwe kwa bei ya dola. Pili, kila makala inayohusu chakula chetu iwe na nusu ukurasa wa Kiswahili chepesi, ubandikwe sokoni na kwenye ofisi za forodha.

Nawafikiria hasa ndugu zetu waliorejea kutoka makambini, wanaoanza maisha upya kwa magunia mawili matatu. Nani amewaambia kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na kwamba kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu kunapunguza hatari? Wataalamu wanajua, na wanaandikiana wao kwa wao. Mwenye magunia matatu akizuiwa, mtaji wote umekwenda.

Wasomi wetu, hilo ndilo deni. Lilipeni kwa lugha tunayoielewa.