Ibada Haina Ruhusa ya Kutesa

Tangu miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwezi wa Aprili 2023, hata idadi yake ikapita 400, yamesikika mahakamani madai mazito, ya kwamba wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, ambaye ameyakana mashtaka, walishurutishwa kufunga hata mauti, na waliotaka kutoroka wakazuiwa na walinzi wenye silaha.

Sisi wa Shinyanga na Geita tusidhani msiba huo u mbali, kwa maana katika machimbo ya dhahabu, ambako wengi huhamia pasipo jamaa, mwenye dhiki humwandama yeyote amwitaye ndugu, na akitoweka hana wa kumwulizia.

Ni kweli, Katiba yetu ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa dini. Lakini ibara ya 13 yaharamisha mateso na adhabu za kumtweza binadamu, wala haikuwatenga wahubiri. Kwa hiyo twawasihi viongozi wa vijiji, mashehe na maaskofu waikague kila kambi ya maombi, wajue kama aliyemo aweza kutoka apendapo, na kama watoto wanakwenda shule. Toba ya kulazimishwa kwa fimbo ni dhuluma, na serikali ina wajibu wa kuikomesha kabla haijachimba makaburi.