Tunalilia Kasumbalesa, na ulezi tumeusahau

Kila mara Zambia ikifunga njia ya mahindi, sisi wakaaji wa Lubumbashi tunaanza kilio kilekile. Bei ya meka ya unga inapanda asubuhi, inapanda tena jioni. Wamama wanazunguka soko la Kenya na kurudi na nusu ya walichotaka. Na sisi watu wa redio tunakimbia na mikrofoni kumuuliza liwali malori yatavuka Kasumbalesa lini. Tarehe 29 Februari 2024 rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa lake. Nani atamlaumu kwa kulinda chakula cha watu wake? Mimi nawalaumu wenye parsele wa mji huu, na mimi nikiwemo.

Pita Katuba, Ruashi au Kampemba mwezi wa Januari. Kila nafasi kati ya nyumba na choo ina mahindi: mbegu ya kununua, mbolea ya kununua, na viwavi jeshi waliotufikia miaka ile ya 2016 na 2017 wanakula moyo wa mmea. Mvua ikikatika majuma mawili wakati wa maua, umeisha. Lakini masaka, yaani mtama, na ulezi ambao Wabemba wanauita male, huvioni.

Wazee walikula bukari ya ulezi na ya masaka. Unga mweupe ulitawala pamoja na kazi ya mgodi. Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikawalisha wafanyakazi kwa posho, na mahindi yalikuwa rahisi kununua kwa wingi, mengi yakitoka Rhodesia. Hayakushinda kwa utamu, yalishinda kwa hesabu ya kampuni. Halafu sisi wenyewe tukaambizana kwamba bukari nyeupe ni ya mtu wa mji, na nyeusi ni ya mtu aliyekosa.

Viongozi nao? Liwali Moïse Katumbi aliwahi kuyaambia makampuni ya madini kila moja ilime hekta 500. Mahindi. Baadaye tukasubiri mavuno ya Kaniama Kasese. Mahindi tena. Sijasikia hata liwali mmoja akitamka neno ulezi mbele ya mikrofoni yangu.

Wataniambia: parsele ya mita kumi kwa kumi itatoa nini? Ukiitunza vizuri, kama kilo kumi za ulezi. Haishibishi nyumba nzima, sibishi. Lakini bakuli moja la uji wa mtoto linataka gramu 50 za unga, kwa hiyo hizo ni bakuli 200. Tena ulezi una miligramu zaidi ya 300 za kalisi katika kila gramu 100. Mahindi meupe hayafiki hata 30. Na punje zake ni ndogo mno kwa wale wadudu wanaotoboa mahindi gunia zima: zikikauka vizuri zinakaa miaka. Unavuna Mei, unakula Januari, wakati jirani anapanga mstari wa unga.

Kazi ipo, sitawadanganya. Ulezi mchanga unafanana sana na majani ya porini, kwa hiyo panda kwa mistari, na kinachoota nje ya mstari ng'oa. Wazee waliupanda kwenye majivu ya matawi waliyochoma. Wewe una majivu ya makala jikoni, yamwage pale. Masuke yakate kwa kisu, yakaushe, yapige kwa fimbo juu ya bashi, si chini kwenye udongo: mchanga ukishaingia, meno ndiyo yatakuambia. Masaka shida yake ni ndege. Chagua yale mekundu, ni machungu kidogo na ndege hawayakimbilii. Na kama unakaa upande wa Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha shaba uliangukia miaka na miaka, tafadhali usipande chakula chochote kwenye udongo ule.

Lakini kizuizi kikubwa ni mashini ya kusaga. Mwaka jana nilibeba kilo nne hadi mashini ya karibu na kwetu. Kijana akacheka. Akasema punje zitapita nzima kwenye chekeche, na rangi yake itachafua unga wa wateja wengine. Alikuwa na haki nusu: inatakiwa chekeche ya matundu madogo, na mashini isafishwe baadaye. Basi ninyi wenye mashini, nunueni hiyo chekeche, mtupe jioni moja kwa juma, tuje wote pamoja na ulezi wetu. Tutalipa kama wengine.

Mbegu zipo. Waulizeni wamama wa soko la Kenya wanaowauzia nafaka wapika pombe, ila hakikisheni haijaloweshwa. Mvua za Novemba ziko karibu. Mimi mwaka huu naongeza kile kipande kati ya choo na ukuta. Jirani amekiona, akaniuliza kwa huruma kama redio imenifukuza kazi.