Utengenezaji wa redio na spika nchini Tanzania

Utengenezaji wa redio na spika nchini Tanzania ni tawi la viwanda lililoanza baada ya uhuru na kudhoofika katika miaka ya 1980. Siku hizi vifaa vingi vya sauti vinavyouzwa nchini huagizwa kutoka nje, hasa China. Hali hiyo inaleta swali kama kiwanda cha namna hiyo kinaweza kurudi na kudumu.

Historia

Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita (iliyobadilisha jina kuwa Panasonic mwaka 2008) ilianzisha tawi lake Dar es Salaam. Tawi hilo lilitengeneza betri kavu na redio za chapa ya National. Mjini Arusha, Philips ya Uholanzi ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio.

Wanunuzi walikuwepo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi mwaka 1994.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya vipuri ilitoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 hadi 1979, na bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika na viwanda vingi vikazalisha chini ya uwezo wake. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mageuzi ya uchumi. Viwanda vya ndani vikaanza kushindana na bidhaa za nje kabla havijapata nguvu.

Soko la vijijini: mfano wa Mang'ola

Mang'ola, katika Wilaya ya Karatu karibu na Ziwa Eyasi, inaonyesha mnunuzi wa kijijini ni mtu wa namna gani. Eneo hilo linajulikana kwa vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi. Fedha za mkulima huingia kwa msimu: vitunguu vikipata bei, redio, sabufa au paneli ya sola hununulika, bei ikianguka, ununuzi huahirishwa. Wafugaji wa Kidatoga wanaoishi huko wanahitaji kifaa chepesi kisichotegemea umeme wa gridi.

Hivyo mtengenezaji anayelenga soko hilo hubeba pia hatari za kilimo, yaani ukame, kupungua kwa maji na kuyumba kwa bei. Akitengeneza bidhaa nyingi kabla ya mavuno mabaya, mtaji wake hulala ghalani.

Vihatarishi

Kihatarishi cha kwanza ni mabadiliko ya teknolojia. Simu ya mkononi sasa hufanya kazi ya redio, kinasa sauti na santuri kwa pamoja. Philips yenyewe ni mfano. Mwaka 2014 iliuza biashara yake ya vifaa vya sauti na video kwa Gibson, kampuni ya Marekani inayojulikana kwa magitaa, kwa dola milioni 135. Mwaka 2018 Gibson iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na biashara hiyo ikafungwa. Jina kubwa halikutosha kuiokoa.

Cha pili ni utegemezi wa vipuri. Spika ndogo zenye nguvu hutumia sumaku za neodimiamu, ambazo nyingi hutengenezwa China. Aprili 2025 nchi hiyo iliweka masharti ya kuuza nje baadhi ya madini adimu na sumaku zake. Shilingi ikishuka thamani, gharama ya vipuri hupanda hata kama bei ya kiwandani haijabadilika.

Cha tatu ni bidhaa za bei nafuu na chapa za kuiga.

Mustakabali

Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, hutoza kwa jumla asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu na 25 au zaidi kwa bidhaa zilizokamilika. Tofauti hiyo humpa nafuu anayeunganisha ndani ya jumuiya. Lakini nafuu ya ushuru inaweza kubadilishwa na bajeti ya mwaka mmoja.

Huko Ngualla, Mkoa wa Songwe, kuna akiba kubwa ya madini adimu yenye neodimiamu. Leseni ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023, na serikali ina hisa asilimia 16 katika kampuni ya mradi. Hata hivyo, kuchimba hakuleti sumaku: kati ya jiwe na spika kuna usafishaji, uyeyushaji na uundaji, na hatua hizo zisipofanyika nchini, sumaku itaendelea kuagizwa.

Nafasi iliyo wazi zaidi ni ndogo: spika na redio za sola, vipaza sauti vya shule, makanisa na misikiti, pamoja na vipuri na matengenezo. Mafundi redio wapo tayari katika miji midogo. Kwa mkulima wa Mang'ola, kifaa kinachotengenezeka Karatu kinaweza kuwa na thamani kuliko cha bei ndogo kinachotupwa kikiharibika. Kiwanda kitakachopuuza jambo hilo kitashindana na bidhaa za nje kwa bei tu, na hapo ndipo viwanda vya mwanzo vilipokuwa dhaifu.