SAFU YA MWALIMU: Kumgeuza mgonjwa ni zamu ya wote



Mwezi huu tuongee juu ya ndugu zetu walioumia mgongo wakapooza miguu. Mmoja alianguka kwenye mwembe, mwingine gari lilipinduka, mwingine alipigwa risasi kabla hajavuka mpaka. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na sababu kubwa ni hizo hizo: kuanguka, ajali za barabarani na ukatili.

Mitaani tunasikia: "Huyo amekwisha, tungoje siku yake." Wengine wanasema amerogwa. Hapana jamani. Mtu aliyesharudi nyumbani kutoka hospitali anaweza kuishi miaka mingi. Kinachowaua wengi ni vidonda na magonjwa ya mkojo, na hivyo vyote vinazuilika.

Ndani ya mifupa ya mgongo mnapita kamba ya mishipa ya fahamu, inayopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Ikiumia, miguu haisogei na ngozi haisikii. Mimi na wewe tukilalia upande mmoja sana tunasikia maumivu, tunajigeuza hata usingizini. Yeye hasikii. Uzito unabana ngozi kwenye mfupa, damu haipiti, nyama inakufa. Kidonda kinaanza kama doa, kisha kinachimba mpaka mfupa.

Zamani hata Ulaya wagonjwa hawa waliachwa tu wafe. Mmoja wa waliobadilisha mambo alikuwa mkimbizi kama sisi. Ni daktari Ludwig Guttmann, Myahudi wa Ujerumani, aliyekimbia utawala wa Hitler mwaka 1939 akafika Uingereza na familia yake. Mwaka 1944 akapewa wodi ya walioumia mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, usiku na mchana. Vidonda vikapungua, watu wakapona, wakafundishwa kazi za mikono. Tarehe 29 Julai 1948 akaandaa mashindano ya kulenga mishale, wakashindana wanajeshi 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo yalipoanzia michezo ya Paralimpiki. Mwaka 2024 mjini Paris, timu ya wakimbizi yenyewe ilikuwa na wanamichezo 8 wenye ulemavu, na ilipata medali 2 za shaba.

Basi nyumbani tufanye nini?

Kwanza, kugeuza. Akiwa amelala, ageuzwe kila baada ya masaa mawili: kushoto, chali, kulia. Wekeni nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, na visigino visiguse godoro. Msimburute, mnyanyueni, maana kuburuta kunachuna ngozi. Akiwa kwenye kiti ajiinue kwa mikono au ainamishwe mbele mara kwa mara. Msimkalishe juu ya duara la tyubu ya tairi, linabana damu pembeni.

Pili, ngozi. Asubuhi na jioni mwangalieni makalio, nyonga, visigino na viwiko. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo gusa. Ukikuta joto, ugumu, au doa jeusi kuliko pembeni yake, asilalie hapo tena, na msipasugue. Mpelekeni hospitali mapema.

Tatu, mkojo. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika mpira wa mkojo. Mfuko ukae chini kuliko kibofu. Msimnyime maji kwa kuogopa kufua. Akipata homa, au mkojo ukawa mzito na wenye harufu kali, msingoje. Na kama aliumia sehemu ya juu ya mgongo au shingoni, akashikwa ghafla na kichwa kikali na jasho, mkalisheni wima, angalieni kama mpira umejikunja au umeziba, kisha kimbilieni hospitali. Hiyo ni hatari kubwa.

Nne, moto. Asiachwe karibu na mafiga wala asiwekewe maji ya moto miguuni. Ataungua bila kujua.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa kama mwalimu. Darasani kwangu kuna mtoto aliyekuwa anasinzia kila asubuhi. Nilifikiri anacheza usiku. Kumbe ndiye anayemgeuza baba yake mpaka kunakucha, maana mama anashinda kwenye kuni, maji na wadogo zake. Mtoto huyo anafanya kazi iliyokuwa ya manesi wa wodi nzima, halafu tunamwambia afaulu mtihani!

Tulikaa na majirani, tukaandika zamu kwenye karatasi ya daftari. Baba mmoja amechukua usiku wa Jumatano, kijana wa kwaya amechukua Jumamosi. Jumatatu bado hatujapata mtu. Lakini Alhamisi na Jumapili mtoto anaamka amelala vizuri, na baba mwenyewe anasema amefurahi kupata watu wa kuongea nao.

Ndugu wasomaji, kugeuza hakuhitaji dawa wala fedha. Kunahitaji mikono na saa. Kama mtaani kwenu yuko mgonjwa wa namna hii, msiulize tu "anaendeleaje?" Ulizeni "nani anamgeuza usiku?" Mkisikia jina la mtoto wa shule, kaeni mpange zamu. Wahudumu wa afya wa mtaa watawaonyesha namna ya kumshika bila kumuumiza.

Tuonane mwezi ujao. Mbaki salama.