Mtoto wa Nyakato na Mlango wa Bugando

Kwa jinsi huduma zilivyopangwa nchini Tanzania, mtoto mkimbizi aliyeko kambini mkoani Kigoma yuko karibu zaidi na mtu aliyefunzwa kusikiliza majonzi yake kuliko mtoto wa familia iliyotoka Uvira au Bujumbura ambaye leo analala Nyakato jijini Mwanza, safari fupi ya daladala kutoka Hospitali ya Bugando, inayohudumia Kanda ya Ziwa tangu mwaka 1971 na yenye madaktari wa magonjwa ya akili. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa isipokuwa awe na kibali cha kukaa nje yake, na kwa sababu hiyo mashirika yanayotoa huduma za kisaikolojia yamejikita kambini Kigoma, ilhali aliyeko mjini, awe na kibali au asiwe nacho, huhesabiwa kana kwamba hayupo.

Kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kuona au kutendewa jambo la kutisha, mara nyingi hujificha nyuma ya tabia ambazo watu wazima huzipa majina mengine. Mtoto wa miaka 11 aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza upya. Mvua kubwa ikipiga mabati usiku, huruka na kutafuta pa kujificha. Darasani husinzia kwa kuwa hakulala, na mwalimu mwenye darasa lililofurika humwona mvivu. Nyumbani, mzazi ambaye naye ana yake moyoni huona pepo, mkono wa mtu, au ukaidi unaodai fimbo. Maombi ni haki ya kila familia na jarida hili haliyabezi, lakini fimbo kwa mtoto wa namna hii huongeza hofu juu ya hofu.

Kinachoufanya mlango wa Bugando uonekane mbali, hata kuliko nauli, ni woga wa karatasi, kwa maana mzazi asiye na kibali akiulizwa mapokezi jina, makazi na bima, husikia maswali ya uhamiaji. Hapa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inastahili kujulikana zaidi, kwa sababu inakataza kumbagua mtoto kwa misingi kadhaa, na ukimbizi umetajwa waziwazi miongoni mwake. Sheria hiyo haifuti gharama za matibabu wala haimpatii mzazi kibali, na ni vibaya kuwaahidi watu zaidi ya hayo. Inachofanya ni kumpa afisa ustawi wa jamii pa kusimamia anapomtetea mtoto.

Hata hivyo, wako watoto wengi ambao hawahitaji daktari bingwa, na ushahidi wa jambo hilo umetoka jirani kabisa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwafunza wakimbizi wenyewe kazi ya unasihi, yaani kumsikiliza na kumwongoza mwenye shida bila kumwamulia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, yakihusu wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, yalionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia maisha yao hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe, ikilinganishwa na asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Kwa watoto, tiba hiyo huanza na kamba inayotandazwa sakafuni kuwa mstari wa maisha: mtoto huweka ua pale palipokuwa na furaha na jiwe pale palipokuwa na msiba (mawe, Mwanza hayajawahi kuadimika), kisha kikao baada ya kikao husimulia kila jiwe kwa mpangilio, hadi lililokuwa likimvamia usingizini lipate mahali pake katika wakati uliopita. Kambini Kigoma nako kumejaribiwa, kwa vijana wadogo wa Burundi, mpango wa Shirika la Afya Duniani wenye vikao 7 vya kikundi kwa watoto na 3 kwa walezi wao.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji uzio wa kambi. Jumuiya ya wakimbizi wa Mwanza ina akina mama ambao watoto huwakimbilia, ina wachungaji, ina vijana wanaosema Kirundi, Kifulero na Kiswahili; kinachokosekana ni mafunzo na mtaalamu wa kuwasimamia, kwa sababu msikilizaji asiye na wa kumsimamia huumia mwenyewe na huweza kumwumiza mtoto. Uongozi wa jumuiya hauna sababu ya kungoja mfadhili ndipo ubishe hodi Bugando kuomba msimamizi huyo, na shule za msingi za kata kuomba chumba cha mchana wa Jumamosi.

Mpaka wa kazi hiyo uwekwe mapema. Mtoto anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayesema kwamba anataka kufa, hangojei kikao cha wiki ijayo. Hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, akifuatana na mtu mzima wa jumuiya anayejua lugha yake na atakayebaki naye mpaka daktari amalize kumwuliza.