The Bear ni komedi? Wapi!

Wasee, hii kitu imenikaa kwa roho tangu 2024, wacha niiteme. The Bear iliteuliwa mara 23 kwa tuzo za Emmy, kama komedi. Ishirini na tatu! Rekodi ya komedi kwa mwaka mmoja ilikuwa ya 30 Rock, 22.

Si chuki, mimi naipenda The Bear. Lakini ule mlo wa Krismasi wa msimu wa pili, watu wanapigiana kelele, uma zinarushwa, mama anaingiza gari ndani ya nyumba... ulicheka wapi? Mimi nilishikwa na presha. Na Jamie Lee Curtis, huyo mama, akapewa tuzo. Ya komedi!

Shida ni sheria. 2015 waliweka kipimo cha dakika: kipindi cha nusu saa ni komedi. Baadaye wakakitupa, sasa waandaaji wanajichagulia. Kwani wewe ungekuwa wao, ungeenda kwa drama upigwe na Shōgun? Si ungejipenyeza tu kwa komedi.

Wanaoumia ni wenye kuchekesha. Reservation Dogs, ya wale vijana wa Oklahoma, ilingoja mpaka msimu wa tatu, wa mwisho, ndio iteuliwe komedi bora.

Jumatatu alfajiri, saa za huku, Hacks ikachukua komedi bora. Nilipiga makofi peke yangu kwa bedsita, jirani akagonga ukuta. Lakini The Bear ilikuwa imeshabeba 11. Kumi na moja, jameni.