Kipya Kinyemi

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika biashara ya kupiga picha kidonda chenyewe kinaonekana kwa macho. Kijana anayeishi kwa kamera pale Same mjini, anayepanda bodaboda hadi Mbaga, Suji au Mamba Myamba kupiga picha za harusi na kipaimara, huambiwa kila siku kwamba kamera yake imekufa. Huambiwa na wauzaji, huambiwa na wapiga picha wenzake, huambiwa na video anazotazama usiku kwenye simu. Kamera yenye kioo ndani, wanasema, ni mambo ya kale. Dunia imehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Basi kijana huiuza kwa bei ya kutupa kamera inayomlisha, hukopa kiasi kilichopungua, pengine kwa wale wakopeshaji ambao mikopo yao wananchi wameipa jina la kausha damu, kisha hununua kamera mpya ya daraja la chini kabisa. Mimi nasema kwamba kwa kazi nyingi za huku Upareni biashara hiyo ni hasara tupu, na anayemshauri kijana aifanye ama hamtakii mema, ama haijui kazi yenyewe.

Tuanze na mashine zenyewe, maana wengi hubishania majina tu. Kamera ya zamani, ile iitwayo DSLR, ina kioo kilichokaa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia hugonga kioo hicho, hupanda juu, na kumfikia mpiga picha jichoni kupitia kidirisha cha kuchungulia. Akibonyeza kitufe, kioo huruka juu, pazia hufunguka, na mwanga hufika kwenye kihisi kinachonasa picha. Kamera mpya imeondolewa kioo. Mwanga hufika kwenye kihisi moja kwa moja, na anachokiona mpiga picha ni picha ya umeme, mfano wa televisheni ndogo. Faida nyingi za kamera hizi mpya, na hasara zake nyingi pia, zinatokana na badiliko hilo moja.

Sasa tuchukue kamera mbili za kiwanda kimoja, tusije tukaambiwa tunapendelea. Nikon D7000 iliingia sokoni mwaka 2010 kwa takriban dola 1,200 za Marekani bila lenzi. Nikon Z30 ilitoka mwaka 2022 kwa takriban dola 710, nayo bila lenzi. Ya kwanza ilitengenezwa kwa daraja la kati, kwa watu wanaojua kazi. Ya pili ni ya bei nafuu katika ukoo mpya, nayo ililengwa hasa kwa watu wanaojirekodi video. Leo D7000 iliyotumika hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei yake ya kwanza. Hapo ndipo penye mtego: watu hulinganisha mwaka na mwaka, wakasahau kulinganisha daraja na daraja. Lori kuukuu halishindwi na pikipiki mpya kubeba mahindi kwa sababu tu pikipiki imetoka kiwandani juzi.

Wa kwanza kutajwa huwa ni wingi wa megapikseli. D7000 ina 16.2, Z30 ina 20.9. Ukisikia hesabu hiyo utadhani kuna pengo kubwa. Lakini ukichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi, ya zamani hukupa picha ya takriban inchi 16 kwa 11, na mpya hukupa takriban inchi 18 na nusu kwa 12 na nusu. Mteja wetu anataka nini? Anataka picha za albamu, moja kubwa ya kutundika sebuleni, na nyingine zote atumiwe kwa WhatsApp, ambako zitabanwa mpaka tofauti hiyo ipotee kabisa. Hakuna bibi harusi wa Hedaru aliyewahi kurudisha albamu akilalamika kwamba imepungukiwa megapikseli nne.

Njoo kwenye betri. Kwa kipimo cha viwanda vya kamera, betri ya D7000 ikijaa hupiga picha 1,050. Ya Z30 hupiga 330. Sababu yake si siri. Unapochungulia kupitia kioo hutumii umeme wowote wa maana, kwa kuwa unatazama mwanga wenyewe. Kamera isiyo na kioo lazima kihisi na skrini viwake muda wote unaotazama. Harusi ya milimani huanza asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, ikaenda kanisani, ikaenda mahali pa kupigia picha, ikaishia ukumbini usiku, na umeme huweza kukatika wakati wowote kati ya hapo. Ni kweli kwamba Z30 huweza kuchajiwa kwa pawabenki, nalo ni jambo jema kwa watu wa vijijini. Lakini mwenye D7000 na betri mbili hana haja ya kuliwaza.

Kubwa kuliko yote ni kadi. D7000 ina nafasi mbili za kadi, na unaweza kuiamuru iandike kila picha katika kadi zote mbili. Z30 ina nafasi moja. Wapo watakaonijibu kwamba Canon EOS R50 ya mwaka 2023 ni bora kuliko Z30. Nakubali ina kidirisha cha kuchungulia, lakini nayo ina nafasi moja tu ya kadi. Kadi ikiharibika jioni ya harusi hakuna wa kukurudishia ile siku. Unaweza kumrudishia mteja fedha zake, ukamwomba radhi mbele ya wazee, lakini bibi yake aliyekaa mstari wa mbele, mwenye miaka 90, aliyeletwa kwa kubebwa kutoka Chome, huenda hatapigwa picha nyingine. Katika kazi yetu hakuna sifa ya kamera inayozidi hiyo ya kutopoteza picha, nayo ndiyo ya kwanza kuondolewa katika kamera za bei nafuu ili bei ishuke.

Halafu kuna jua na vumbi. Same iko upande mkavu wa milima. Saa saba mchana, mahafali yakifanyika kwenye uwanja wa shule, jua ni kali kiasi kwamba skrini ya nyuma ya kamera haionekani vizuri. Z30 haina kidirisha cha kuchungulia kabisa; ina skrini hiyo tu. Mpiga picha hubaki anakisia, huku ameikinga kamera kwa kiganja. Vumbi nalo ni lile lile linaloingia hadi ndani ya kabati. Unapobadilisha lenzi kwenye DSLR, kihisi kimejificha nyuma ya kioo na pazia. Kwenye Z30 na nyingi za daraja lake kihisi kiko wazi, karibu na mdomo wa kamera, na chembe moja ikitua hapo huonekana kama doa katika kila picha yenye anga.

Sitaacha kutaja lenzi, maana hapa ndipo mkopo huzaa mkopo. D7000 ina mota ndani yake ya kuzungusha lenzi za zamani zisizo na mota, kama ile milimita 50 ya f/1.8D, ambayo ni rahisi kwa bei na nzuri kwa picha za uso. Ukiifunga lenzi hiyo kwenye Z30 kwa adapta ya Nikon, haitajilenga yenyewe. Itabidi uizungushe kwa mkono wakati maharusi wanacheza. Kwa hiyo aliyeuza mwili wa kamera akidhani atabaki na lenzi zake, hugundua baadaye kwamba anahitaji adapta, na baada ya adapta anahitaji lenzi mpya.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Kamera mpya hulifuata jicho la mtu na kulishika, hata mtu akitembea; D7000 na nukta zake 39 za kulengea haiwezi hayo. Kamera mpya hukuonyesha kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa na giza au mwanga mno, na kwetu, ambako gauni jeupe hukaa kando ya ngozi nyeusi, huo ni msaada mkubwa kwa anayejifunza. Huona vizuri zaidi kwenye giza la ukumbini. Ina gramu 405 pamoja na betri, wakati D7000 ina gramu 780, na anayepanda msitu wa Chome kuelekea kilele cha Shengena ataijua tofauti hiyo magotini. Na kwa video hakuna ubishi. D7000 hukata video kila baada ya dakika 20, na mahubiri ya harusi za kwetu hayajui dakika 20 ni nini. Anayeishi kwa video anunue kamera mpya, tena asichelewe.

Siwatetei pia wazee wa studio wanaodai kwamba kamera ya zamani ina roho. Kamera haina roho. Ina shata, na shata huchakaa. Ya D7000 ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 150,000. Mtu anayepiga picha 500 kila Jumamosi humaliza mipigo 26,000 kwa mwaka, yaani hufika hapo katika miaka isiyotimia sita. Kwa hiyo anayenunua kuukuu bila kuuliza imepiga mara ngapi ni mjinga sawa na yule anayekopa kununua mpya. Aidha Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu mwaka 2020, na vipuri vitazidi kuadimika. Siku ya kuhama itafika. Ninachokataa ni mtu kuhamishwa kabla ya siku yake, na kuhamishiwa kwenye kibanda akiambiwa ni ghorofa.

Watanzania wenzetu wanatutania sisi Wapare kwamba ni wabahili na wapenda kesi; kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tumecheka pamoja nao miaka mingi. Lakini katika utani huo kuna tabia njema tunayoipoteza, nayo ni kuuliza. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Kodi yenyewe walikuwa tayari kulipa. Walichokipinga ni namna ya kumkadiria kila mtu mali yake. Watu waliomwuliza mkoloni ukadiriaji wake umefanywaje wamezaa wajukuu wasiomwuliza muuza kamera swali hilo hilo.

Tazama na ndiva zetu, kama zile za Bangalala. Bwawa la ndiva hujazwa maji usiku, asubuhi likafunguliwa kumwagilia mashamba. Baadhi zimeongezwa saruji, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu saruji ilizuia maji kuvuja. Hakuna mkulima anayeuliza ndiva ilichimbwa mwaka gani kabla ya kukubali zamu yake. Anauliza kama imeshika maji. Kipimo hicho kinatosha kwa kamera: je, imeshika picha, na picha hizo bado zipo?

Wapo wanaosema kwamba mteja hutazama kamera, asipoona ya kisasa ataondoka. Wanaosema hivyo hawajasimama mlangoni mwa kanisa kijijini. Huko kamera kubwa yenye lenzi nene ndiyo inayopishwa njia, na kale kadogo kasiko na kidirisha hudhaniwa ni ka mwanafamilia aliyetoka Dar es Salaam kuja kujifurahisha. Nasema hili kwa mzaha kidogo, lakini linaonyesha kwamba hofu ya vijana wetu haikuletwa na wateja. Imeletwa na wanaotaka kuwauzia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Kama kamera yako ya zamani ni nzima na kazi yako ni picha za kuchapwa, usiiuze. Fedha uliyotaka kulipia rejesho la mkopo nunua betri ya pili, flashi nzuri, lenzi moja yenye mdomo mpana, na diski ya kuhifadhia kazi za wateja wako, kwa maana wengi wanaojivunia kamera mpya wamefuta harusi za mwaka jana ili kupata nafasi kwenye simu. Kama kazi yako ni video, au kamera yako imechoka kweli, weka akiba, taslimu au kwa vikoba, mpaka uweze kununua kamera mpya yenye nafasi mbili za kadi na kidirisha cha kuchungulia. Ikichukua mwaka, ichukue mwaka. Huku nyuma ile kuukuu itaendelea kukulisha, nawe hutakuwa unapiga picha za harusi za watu ukihesabu siku za rejesho.